Wageni wa Januari

Kila mwaka joto lilipoanza kuwatesa watu wa Mombo na Korogwe, mpaka wanahamishia vitanda barazani, Yunis aliteremsha mablanketi kutoka darini na kuyaanika juu ya ua. Majirani zake wa Irente wakiyaona mablanketi wanajua Wagiriki wanapanda.

Wagiriki wenyewe walikuwa wawili tu. Bwana Stavro alikuwa meneja wa shamba la mkonge huko bondeni, mtu wa sauti kubwa na kofia ya majani, aliyeletwa nchi hii akiwa bado anashikwa mkono na mama yake. Mkewe, Mama Eleni, alikuwa mwembamba na mpole, na pumu ilikuwa imemkalia kifuani tangu utoto. Joto na vumbi la mkonge vilimmaliza. Kwa hiyo kila Januari walipanda Lushoto kwenye kinyumba chao cha mawe, wakakaa hadi Februari inakwisha, kisha wakashuka wamenawiri, mama anapumua kama watu wengine, na bwana anamsimulia kila atakayemsikiliza kwamba Mungu alipoiumba Irente hakuwa na haraka.

Na tuseme kweli, Irente ya Januari ni nzuri. Jua linawaka bila kuunguza, mapeasi yameiva, maziwa yanatoka shambani Kwai yakiwa bado na povu, na ukisimama ukingoni unaliona bonde lote limelala chini yako linaungua, wewe umevaa sweta. Lakini nyumba ile waliyoipenda haikujitengeneza. Ilikuwa kazi ya Yunis ya Desemba nzima. Alikwangua kuvu ukutani, akapaka chokaa, akatoa magodoro juani na kuyapiga kwa fimbo, akazipanga kuni kavu mbele ya banda na zile mbichi akazisukuma nyuma. Wageni wakifika wanakuta kila chumba kinanukia sabuni. Hakuwa anamdanganya mtu. Mgeni akija nyumba husafishwa, basi.

Yunis alikuwa Mshambaa aliyeolewa Bungu, mjane, hakujaliwa mtoto. Mumewe Tobia ndiye aliyekuwa mtunza bustani wa pale, na wote wawili walikaa chumba cha uani, nyuma ya jiko, mpaka Tobia alipopata homa ya mapafu akafa mwaka ule ule wa Uhuru. Akazikwa kwao Bungu, kwenye migomba ya baba yake. Matanga yalipoanuliwa, wazee wa ukoo wakakaa kitako wakasema mjane arithiwe na mdogo wa marehemu, Kornelio. Kornelio alikuwa ameoa kanisani, na mkewe, Raheli, alikuwa pale pale anawapakulia wazee chakula, anasikia kila neno. Yunis akasimama akasema yeye amefunga ndoa moja na itamtosha, na kwamba hawezi kuolewa na mtoto aliyemlea kwa uji. Alisema kweli, lakini aliisema mbele ya watu, tena kwa sauti, na baadhi ya watu walicheka. Wazee walikereka. Kornelio aliinama tu. Migomba ikabaki kwake, shamba la mahindi likabaki kwake, na Yunis akarudi Irente na kapu lake kichwani.

Kwao alikozaliwa wazazi walishakufa, na kaka zake walitawanyika kwenye makambi ya mkonge hata haijulikani nani yuko wapi. Kile chumba cha uani ndicho kilichokuwa kwake. Kilikuwa na kitanda, mafiga, dirisha dogo, na nje matuta ya karoti aliyoyalima apendavyo. Miezi kumi ya mwaka nyumba kubwa ilifungwa na yeye akawa malkia wa uani, anapika anapotaka, analala anapotaka. Kitu kimoja tu alikiogopa kuliko kufa, nacho ni kurudi Bungu kuomba mahali pa kulala.

Likaja Azimio la Arusha, na mashamba ya mkonge yakawa mali ya umma. Bwana Stavro akaambiwa kwa adabu kabisa amfundishe kazi ndugu mwingine, kisha aiache nyumba ya shamba. Sasa bwana na mkewe walikuwa na njia mbili. Waende Ugiriki, nchi ambayo bwana aliikumbuka kwa harufu ya mbuzi tu, au wahamie Irente moja kwa moja. Bwana alikwisha kuamua kabla hajaulizwa.

"Miaka yote hii tunakuja," alisema. "Mahali tunapajua mpaka mawe yake."

Yunis alikuwa anatandika meza, na mikono yake ikasita. Wakienda Ugiriki, nyumba inarudi serikalini, na chumba cha uani kinakwenda nayo. Hilo hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Mama Eleni ndiye aliyekataa kubahatisha. Alisema kupanda kupumzika ni jambo moja na kuzeeka mahali ni jambo jingine, hivyo kwanza waulize watu. Na hapo palikuwa na mchezo wa kuchekesha, kwa mwenye moyo wa kucheka.

Kwetu, mtu akiulizwa habari hujibu njema kwanza. Hata kama jeneza liko ndani, habari ni njema. Si uongo, ni kumkaribisha aliyeuliza. Mwenye nia ya kujua atatulia kidogo, atakohoa, ataangalia pembeni, na ndipo ataambiwa yenyewe: ila mtoto haamki, ila ng'ombe katumbukia bondeni, ila baba ametutoka. Habari kamili imo kwenye ile ila. Bwana Stavro alikijua Kiswahili kuliko makarani wengi, matusi yake peke yake yalikuwa elimu, lakini ila hakuwahi kuisubiri hata siku moja. Alikuwa mtu wa Januari. Akisikia njema anashukuru na kuondoka.

Akaenda Lushoto mjini kwa Athumani mwenye duka, Yunis nyuma yake na kikapu. Athumani alikuwa anapima sukari.

"Athumani, hapa kwenu mwaka mzima maisha yakoje?"

"Mazuri, bwana," Athumani akajibu, akaweka kijiko chini, akapangusa mikono, akavuta pumzi ili aanze. Alipoinua uso, bwana alishafika mlangoni. Athumani akamtazama Yunis. Yunis akaangalia sukari.

Wakaenda kwa Abrahamu, mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa na habari kubwa kabisa: kikundi cha ujamaa kilikuwa kimeshaanza kuitolea macho ile ardhi ya bwana na nyumba inayofungwa karibu mwaka mzima wakati watu hawana hata ofisi.

"Hapa pazuri sana, Ndugu Stavro," Abrahamu alisema. "Karibu sana."

"Umesikia?" bwana akamwambia Yunis njiani, akiwa ameshampa Abrahamu mkono na kumpigapiga begani. "Hata chama kinanikaribisha."

Mama Eleni hakuwa hivyo. Yeye alikuwa mgonjwa, na mgonjwa hujifunza kusubiri. Alasiri moja alikuja jikoni akavuta kigoda, akachukua maharage mkononi mwa Yunis, wakawa wanapukuchua wote wawili juu ya ungo.

"Yunis, wewe unakaa hapa mwaka mzima. Juni na Julai hali inakuwaje?"

"Nzuri tu, mama."

Mama Eleni akanyamaza. Aliendelea kupukuchua, ganda moja, jingine, hakuinua macho. Alikuwa anaisubiri ila. Yunis alilijua hilo. Ilikuwa imemfika kooni, nzima: ila ukungu unashuka Juni unaingia mpaka ndani ya kabati, ila nguo haikauki wala kuni hazikauki, ila Tobia wangu alilala kifua mwezi huo na hakuinuka, na kifua chake kilikuwa cha mkata miti. Maneno yote yalikuwepo. Akaliona moyoni na lile jiko la Bungu, Raheli ameshika mwiko.

"Na kifua changu?" Mama Eleni akauliza polepole.

"Kifua chako kinaipenda Irente, mama. Mwenyewe unaona."

Mama Eleni akasubiri tena kidogo. Kisha akayapangusa maganda mapajani.

"Haya," akasema. "Basi tutakaa."

Siku ile Yunis alipika kuku. Furaha ilimjaa, hatuna sababu ya kumficha. Aibu ilikuwepo, lakini ndogo, ya kokoto ndani ya kiatu, na watu hutembea na kokoto mwendo mrefu tu.

Machi wakahamia. Lori lilileta kabati za vioo, cherehani, picha za watakatifu wao wenye macho makubwa, na kiti cha bwana cha kuegemea. Wiki hiyo hiyo masika yakaanguka. Bwana alikaa barazani akaisifu mvua, akasema hii ndiyo mvua, si ile ya bondeni. Aliisifu mpaka paa lilipoanza kuvuja juu ya kitanda, mpaka udongo ulipoteremka ukaifunga barabara ya Soni, na mpaka gazeti lilipokuwa linafika likiwa limezeeka na kulowa. Aprili akaacha kukaa barazani. Rafiki zake wa Januari, waliozoea kuja kunywa naye kahawa na kutazama bonde, walikuwa wameshuka zamani, wengine Tanga, wengine wamekwenda zao moja kwa moja. Watu wa Irente walimsalimia vizuri, wakamwambia habari njema, wakaenda kulima.

Wala hawakumchukia. Hawakujua tu wamfanyie nini mgeni asiyeondoka. Kwenye mazishi walimtafutia kiti, wakamkalisha peke yake. Kwenye kazi ya pamoja ya kufukia barabara alishika koleo, na mzee mmoja akamnyang'anya kwa heshima, akamwambia apumzike. Alirudi nyumbani siku hiyo ameudhika, anauliza kwa nini. Yunis akamvua buti.

Juni ukungu ukashuka.

Ulikuja asubuhi moja ukakaa. Ua haukuonekana, mti wa peasi haukuonekana, bonde lenyewe lilikuwa kama halijawahi kuwepo. Kuvu ikarudi ukutani juu ya chokaa ya Desemba, ikaingia kwenye viatu, ikawapanda wale watakatifu usoni. Shuka zilikuwa na maji hata kabla mtu hajazilalia. Mama Eleni akaanza kukohoa Jumapili, na kufika katikati ya wiki alikuwa amekaa kitandani ameegemea mito, mabega yanapanda na kushuka, anaitafuta pumzi kila mara kama mtu anayechota maji kwenye kisima kilichokauka.

Yunis alifanya kila alilolijua. Alipiga pasi mablanketi kwa mkaa, moja baada ya jingine, ili yamfikie yakiwa ya moto. Alimsugua mgongo kwa mafuta ya mkaratusi. Alimwashia moto mkubwa chumbani. Na moto huo ndio uliomtia kichaa, maana kuni kavu zilikwisha, zikabaki zile mbichi za nyuma ya banda, na zikiwaka zinatoa moshi mzito wa kijani. Akiwasha, mama anapata joto na anakabwa. Akizima, mama anapumua kidogo na anatetemeka mpaka meno yanagongana. Alishinda akikimbia kati ya kufungua dirisha na kulifunga. Likifunguliwa tu dirisha, ukungu unaingia.

Mganga wa zahanati alikuja, akamchoma sindano, akasema mgonjwa ashushwe. Bwana akasema wiki ijayo jua litatoka. Wiki ilipopita akasema tena. Hakuwa mtu mbaya. Nyumba ya shamba alishanyang'anywa, Ugiriki hakuijua, na mahali pekee alipopajua duniani mpaka mawe yake palikuwa panamuua mke wake mbele ya macho yake. Angesema nini?

Mchana mmoja bwana alikuwa ametoka kwenda kutafuta kuni za kununua, na Mama Eleni akamwashiria Yunis aje karibu.

"Ulijua," akasema. Alitoa maneno machache machache. "Ulijua itakuwa hivi."

Yunis akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Nilijua, mama."

"Nilikungoja useme."

"Nilikuona unangoja." Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. "Niliogopa, mama. Mkienda sina pa kwenda."

Mama Eleni akafumba macho, kifua kikimpigia filimbi.

"Na mimi sikukuuliza zaidi," akasema hatimaye. "Sisi nasi hatuna pa kwenda."

Hakumlaani, wala hakumsamehe. Alimshika mkono akaulalia, na Yunis akabaki kwenye magoti yale mpaka miguu ikafa ganzi. Angefurahi kama angetukanwa.

Bwana aliporudi na kuni zake mbichi begani, Yunis alimngoja mlangoni. Hakumpokea mzigo.

"Bwana, jua halitoki mpaka Septemba. Mwakani ni hivi hivi, na mwaka mwingine ni hivi hivi. Mama hataumaliza mwezi huu hapa. Mshushe."

"Ulisema hali ni nzuri."

"Nilisema. Sasa nasema ila."

Aliyasema akijua anaking'oa chumba chake kwa mikono yake mwenyewe. Bwana aliziangusha kuni pale pale mlangoni. Kesho yake likapatikana lori la kabichi lililokuwa linashuka kwenda soko la Tanga. Wakamlaza Mama Eleni kwenye godoro mbele ya mizigo, wakamfunika kwa turubai, na Yunis akakaa naye mpaka Mombo, amekishika kichwa chake kwenye kona zote zile. Chini kabisa, joto lilipowapokea, pumzi ililegea kidogo, hata mama akafungua macho akatazama juu mlimani kulikofunikwa na wingu. Yunis akashuka hapo, bwana akachukua nafasi yake. Hakuwa na la kufanya Tanga.

Mama Eleni alikufa hospitali, kabla hata mwezi haujakwisha. Ulikuwa umechelewa kusemwa, ule ukweli. Bwana Stavro alipanda mara moja tu baadaye, akawachukua watakatifu na cherehani, akaacha kiti. Alisema anakwenda kwa binamu yake asiyemjua sura. Alimshukuru Yunis kwa kumtunza mama, na shukrani hiyo ilimchoma Yunis kuliko kisu. Alitaka kumwambia kwamba alinyamaza makusudi. Bwana alikuwa ameshaingia garini.

Abrahamu alikuja na wenzake wa kikundi kabla bwana hajasahaulika, wakazunguka nyumba wakigonga kuta.

"Ndugu Abrahamu," Yunis akamwomba, "mimi nakaa uani tu. Sitawasumbua. Nitafagia."

Abrahamu aliona haya, tena alikuwa mtu mwema. "Dada Yunis, hii sasa ni mali ya wote. Mali ya wote mtu mmoja hawezi kulala ndani yake. Pale uani tutaweka mbegu." Akatafakari kidogo. "Wewe si una kwenu, Bungu?"

"Ninako," Yunis akasema.

Basi akaenda Bungu. Alitembea na kapu lake akishuka na kupanda, na katika njia yote alikuwa anajiandaa kwa matusi. Alijua watakayomwambia, alishayapanga na majibu yake, na mengine alikubali moyoni kwamba yanamstahili. Atachekwa, kisha atapewa jembe, atalima migomba ya mumewe kama kijakazi, na mwishowe watazoeana. Hivyo ndivyo alivyojipa moyo.

Hakutukanwa. Kornelio, ambaye sasa alikuwa ameanza kuota mvi, alitoka nje akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, baba."

Raheli akampokea kapu kwa mikono miwili, akampigia goti, akaleta maji ya kunawa. Akachinja kuku. Akamtandikia kitanda chumba cha mbele, wanakolala wachungaji wakija ziarani. Yunis alilia kwa kushukuru usiku ule, akasema wamemsamehe.

Asubuhi aliamka mapema akaingia jikoni, akachukua ufagio. Raheli akamtoa mkononi taratibu, huku anatabasamu.

"Kaa, dada. Pumzika."

Alichukua jembe, Kornelio akalirudisha ukutani. Alishika mwiko, Raheli akaushika upande wa pili. Alikwenda kwenye migomba kumpalilia Tobia kaburi, akakuta limeshapaliliwa. Kila mlo aliletewa chumba cha mbele, kwenye sahani ya maua iliyofunikwa kwa kitambaa, akala peke yake huku akizisikia sauti zao jikoni, wanacheka kwa Kishambaa, wanagombana, wanaitana. Akitokea mlangoni wananyamaza na kumpa kigoda.

Yunis akaelewa. Siku ile ya matanga, Raheli alikuwa na sahani mkononi na alisikia kila neno, na jibu lake alikuwa ameliweka miaka yote hiyo. Hapakuwa na mahali pa kushtaki. Ungemshtaki vipi mtu anayekuheshimu?

Aliishi pale mpaka vijiji vilipohamishwa na kuhamishwa tena, mpaka Kornelio akafa na watoto wake wakaoa. Hakuwahi kuwasha moto katika nyumba ile. Mke wa kijana mdogo, aliyeolewa kutoka mbali, alimkuta siku moja amesimama kwenye mlango wa jiko, mzee, amejishika kizingiti, anaangalia sufuria inavyochemka na kumwagikia kuni. Akamhurumia, akamwambia aingie aupunguze moto.

"Hapana, mwanangu," Yunis alisema. "Mimi si wa hapa." Akarudi zake chumba cha mbele, akasubiri aletewe.